Akigongwa kichwa, atoke! Kisa cha mpwa wangu na mtikisiko wa ubongo michezoni

Beki wa Langoni (mwenye uzi):

Assalaam aleikum ndugu zangu. Uzi huu ni mrefu, nawaomba mnivumilie, hasa makocha, marefa na wazazi wa Lamu.

Nimecheza beki wa kati miaka kumi na minane, na sasa nafundisha vijana hapa mjini. Karibu wiki nne zilizopita, siku ya Ijumaa, tulikuwa na mechi ya kirafiki baada ya alasiri. Mpwa wangu ana miaka 15, anacheza namba ile ile niliyocheza mimi. Ikapigwa kona, akaruka, mshambuliaji wao naye akaruka, vichwa vikakutana hewani. Ule mlio uliwafikia hata wazee waliokaa kivulini. Mtoto akaanguka, lakini hakuzimia. Aliinuka akakaa, akawa anatazama mbele kama mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujamwisha.

Nikaingia na chupa ya maji baridi, nikammwagia utosini, nikamuuliza, "Uko sawa?" Akajibu, "Niko sawa, mjomba." Nikamrudisha.

Baada ya dakika kama kumi akanijia kando ya mstari, akaniuliza tunafunga lango lipi. Kipindi cha pili kilikuwa kimeanza zamani. Nikamwonyesha kwa kidole, nikamwambia aendelee. Hapo ndipo panaponinyima usingizi. Mtoto alinipa dalili kwa mdomo wake mwenyewe, nami nikamwonyesha lango.

Njiani kurudi nyumbani alitapika mara mbili. Dada yangu akadhani ni chakula. Usiku hakutaka taa, mwanga ulimchoma macho, na kelele za wadogo zake zikamliza, naye si mtoto wa kulialia. Bibi yake akasema ni kijicho, mjukuu alicheza vizuri mno mbele za watu, akamfukiza ubani. Simlaumu mama yangu, alifanya alilolijua. Jumatatu akaenda shule, akarudi analalamika kuwa herufi zinaogelea ubaoni na kwamba ameambiwa ni mvivu. Jumanne ndipo nilipompeleka kwa daktari.

Daktari alimuuliza maswali mengi, akampima macho na shingo, akamsimamisha kwa mguu mmoja, akamtajia maneno kumi ayarudie. Mtoto anayehifadhi Kurani vizuri kuliko wenzake akakumbuka maneno manne. Daktari akasema huu ni mtikisiko wa ubongo. Kisha akanigeukia mimi. "Nani alimrudisha uwanjani?"

Beki wa Langoni:

Naendelea. Tangu siku hiyo nimeuliza, nimesoma, nimemsumbua daktari yule kwa simu mpaka naona haya. Haya ndiyo niliyoyaelewa.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kama kilo 1.4, nao ni laini, unaelea katika majimaji ndani ya fuvu. Chukueni nazi iliyokwisha kuwa mbata, muitikise. Mtasikia kitu kinagonga ndani, ilhali kifuu hakina hata ufa. Pigo likikisimamisha kichwa ghafla au likikizungusha, fuvu husimama na ubongo huendelea kwenda, ukavutika na kujinyonga. Wala si lazima kichwa chenyewe kiguswe. Mtu akikupiga bega la kifua kwa kasi, shingo ikarushwa nyuma na mbele, ubongo unatikisika vile vile.

Nyuzi za neva zikivutwa namna hiyo, chumvi zilizo ndani na nje ya seli huvurugika. Potasiamu hutoka, kalisi huingia. Seli huhitaji sukari nyingi ili kurudisha kila kitu mahali pake, na wakati huo huo damu inayoleta sukari hiyo imepungua. Ni nyumba iliyojaa wageni na jikoni mkaa hautoshi. Ndiyo sababu mpwa wangu alichoshwa na ukurasa mmoja wa kitabu. Na ndiyo sababu pigo la pili katika siku hizo linaogopwa kuliko la kwanza, hata likiwa dogo.

Januari 2011, kule Northern Ireland, mvulana wa miaka 14 aitwaye Ben Robinson alikuwa akicheza raga ya shule. Aligongwa, akaangaliwa pale pale uwanjani, akaendelea kucheza, akagongwa tena. Alianguka mechi ikielekea kwisha, na hakupona. Uchunguzi wa kisheria ulisema sababu ni pigo la pili juu ya ubongo ambao haujapona la kwanza. Ni jambo linalotokea kwa nadra, lakini likitokea huwapata zaidi watoto na vijana, ubongo huvimba kwa dakika chache tu. Nilipokisoma kisa kile niliiweka simu chini, nikaenda kumtazama mpwa wangu alivyolala.

Kosa langu lilitokana na dhana moja ambayo najua wengi mnayo. Nilidhani asiyezimia hajaumia. Kumbe kati ya wanaopata mtikisiko michezoni, wanaozimia ni kama mmoja tu katika kumi. Wengine wote husimama, hutembea, hucheza, na hukuambia wako sawa. Hawakudanganyi kwa makusudi. Kile kiungo unachokiuliza kama kiko sawa ndicho kilichoumia.

Mama wa Shela:

Waaleikum salaam. Kaka, pole sana, na dada yako mpe pole yangu. Mimi wangu alianguka na punda mwaka jana, akapigwa picha ya kichwa, ile ya mashine ya kuzunguka. Tukaambiwa picha ni safi. Lakini kwa karibu mwezi mzima alikuwa mkali, hasomi, halali vizuri. Nikamwona mtovu wa adabu, nikamgombeza sana. Ni hilo hilo unalolisema? Na je, ni kweli mtu akigongwa kichwa asilale usiku kucha? Sisi tulimkesha, kila akisinzia tunamtikisa.

Beki wa Langoni:

Dada, ahsante. La picha naweza kukujibu, maana nami niliuliza. Ile picha hutafuta damu iliyovuja na mfupa uliovunjika. Mtikisiko wenyewe hauonekani humo, kwa sababu seli zimevurugika kazi yake bila kuchanika kitu ambacho mashine ingekiona. Kwa hiyo picha safi ina maana kwamba hana damu kichwani, nayo ni habari njema kubwa, lakini haina maana kwamba hajaumia. Ukali, kilio cha ghafla, usingizi kuvurugika, kusahau, kuchukia kelele, yote hayo ni dalili. Usijilaumu kwa kumgombeza. Mweleze tu sasa kwamba ulikuwa hujui. Mtoto hufarijika akijua alikuwa mgonjwa, si mbaya.

La usingizi namwachia mwenye elimu yake. Kuna muuguzi humu ndani.

Muuguzi wa Kisiwani:

Nipo, nimesoma yote. Mama wa Shela, usingizi wenyewe haudhuru, tena ubongo uliotikisika unautaka sana. Kinachotakiwa ni kwamba saa za mwanzo asiachwe peke yake, na mwenye kumwangalia ajue anaangalia nini. Akiwa anaongea vizuri, anatembea vizuri, hana dalili za hatari, mwache alale, mtu mzima awe karibu. Kumkesha na kumtikisa mtoto mwenye kichwa kinachouma ni kumwongezea adhabu.

Sasa nizitaje dalili za hatari, naomba kila mwenye timu azikariri. Kutapika zaidi ya mara moja. Kichwa kinachozidi kuuma badala ya kupoa. Degedege. Kuona vitu viwili viwili. Mkono au mguu kulegea au kufa ganzi. Maumivu ya shingo. Kuzidi kusinzia hata kuamka kukawa taabu, au kinyume chake, kuzidi kuhangaika, kugombana na watu, kutowatambua. Damu au majimaji ya rangi ya maji kutoka puani au masikioni. Moja tu katika hizi yatosha, usingoje ya pili. Beki, mpwa wako kutapika mara mbili ilikuwa ni ya hospitali usiku ule ule. Nakuambia kwa upendo kwa sababu wengine wanasoma.

Hapa Lamu jambo hili lina uzito wake. Mgonjwa akihitaji huduma kubwa zaidi ya tuliyo nayo, kuna bahari ya kuvuka kwanza, ufike Mokowe, kisha barabara ndefu ya Witu na Garsen kabla hujaiona Malindi, na Mombasa iko mbele zaidi. Damu inayovuja ndani ya fuvu haingoji maji kujaa wala mashua kupata abiria. Kwa hiyo sisi wa visiwani tunatakiwa tuwe wepesi wa kushuku kuliko watu wa bara. Afadhali mtoto aletwe mara tano arudishwe nyumbani mzima.

Shingo ikimuuma au akiwa hajitambui, msimwinue. Nimeona vijana wakimbeba mwenzao mikono na miguu kama gunia, kichwa kinaning'inia. Mwacheni alipo, mmoja ashike kichwa kisigeuke, mwingine akimbie kutafuta msaada. Kama hapumui, hapo kupumua kunatangulia kila kitu.

Dawa: panadol inatosha. Aspirini na zile za kupunguza uvimbe kama ibuprofen ziepukwe siku mbili za mwanzo, maana zinaweza kuzidisha damu kuvuja. Na nyinyi vijana, mugoka hapana. Unakula usingizi, na usingizi ndio mnaouhitaji. Pikipiki pia msiendeshe.

Nahodha wa Matondoni:

Wanangu, mimi ni mtu mzima, nanena kwa lugha yangu. Sisi tumeteza mpira wa ngozi, ukiloa mai unakuwa mzito kama jiwe, na tukiupija kwa kitwa. Tukianguka tukioshwa uso tunarudi. Na tuko hai. Hamuoni kwamba mnawatia watoto woga? Mtoto akiambiwa kila siku kitwa, kitwa, atateza vipi?

Beki wa Langoni:

Shikamoo nahodha. Neno lako ni zito, nami nilikuwa nikilisema mwenyewe mpaka mwezi huu, kwa hiyo nitakujibu kwa heshima na kwa urefu.

Mpira ule wa ngozi ulioutaja una historia yake. Jeff Astle alikuwa mshambuliaji wa West Bromwich Albion ya Uingereza, sifa yake kubwa ilikuwa kupiga vichwa. Alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka 59, akili yake ilikuwa imekwisha kupotea hata hakumbuki kwamba aliwahi kucheza mpira. Mchunguzi wa kisheria aliandika kwamba kifo chake kimetokana na kazi yake. Mwaka 2014 ubongo wake uliangaliwa upya na daktari Willie Stewart wa Glasgow, akakuta ni ule ugonjwa wa mabondia, unaotokana na mapigo yanayorudiwa miaka mingi. Mwaka 2002 huo huo, daktari mwenzetu wa Afrika, Bennet Omalu kutoka Nigeria, aliupasua ubongo wa Mike Webster, mchezaji wa mpira wa Kimarekani, akakuta uharibifu huo huo. Alipouchapisha mwaka 2005, wakubwa wa ligi ile walitaka kazi yake ifutwe. Hakurudi nyuma.

Stewart na wenzake wakaenda mbele. Mwaka 2019 walitoa matokeo ya wachezaji wa zamani 7,676 wa Scotland, wakawalinganisha na watu wa kawaida 23,028 wa umri wao. Wachezaji walikuwa wamekufa kwa magonjwa ya kuharibika ubongo mara tatu na nusu zaidi. Haki isemwe, kwa maradhi ya moyo walikufa wachache kuliko wenzao. Mpira ni afya, na sitaki mtu yeyote amtoe mwanawe mpirani kwa sababu ya uzi huu. Lakini mwaka 2021 wakachambua kwa namba za uwanjani. Makipa hawakuzidi watu wa kawaida. Mabeki ndio waliozidi kuliko wote. Mimi ni beki, nahodha. Nimepiga vichwa miaka kumi na minane.

Hayo ni ya mapigo madogo ya miaka mingi, na mtikisiko wa siku moja ni jambo jingine, ingawa ni ndugu. Na kuhusu kuwa hai: walio hai ndio wanaosimulia. Nafikiri kila mtaa wetu una mzee aliyekuwa fundi wa mpira akaishia kupotea njia ya nyumbani kwake, nasi tukasema ni uzee.

Nahodha wa Matondoni:

Marahaba mwanangu. Nimesoma mara mbili. Kuna mwenzangu tuliyekuwa naye chomboni, siku ya mashindano foromali, ule mti unaoshika tanga, lilimpija kitwani tulipokuwa tukigeuza tanga. Alikaa, akanywa mai, tukamaliza mashindano. Baada ya siku ile hakuwa mtu yule tena, hasira za karibu na kusahau. Tukasema ana lake. Nitamwendea.

Refa wa Mchangani:

Mimi napuliza filimbi miaka sita sasa. Niwaambie ukweli, tatizo kubwa si kutojua. Unamwona kijana anayumba, unamwambia kocha amtoe, kocha anakuambia refa fanya kazi yako. Mashabiki wanapiga kelele kwamba anapoteza muda. Mchezaji mwenyewe anakusukuma. Nani ana idhini ya kumtoa?

Hata wakubwa huwapita. Fainali ya Kombe la Dunia, Julai 13, 2014, Christoph Kramer wa Ujerumani aligongwa na bega la beki wa Argentina mnamo dakika ya 17. Akacheza kama dakika 14 nyingine. Akamwendea refa, Nicola Rizzoli, akamuuliza kama hii ndiyo fainali. Rizzoli alidhani ni mzaha, akamtaka arudie, kisha akawaambia wenzake Kramer atolewe. Kuna madaktari, kamera za kila upande, dunia nzima inatazama, na aliyegundua ni refa kwa sababu ya swali. Sembuse sisi na uwanja wetu wa mchanga.

Tangu Julai 2024 sheria za mpira zinaruhusu shindano kuweka badiliko la ziada kwa aliyeshukiwa kugongwa ubongo, mmoja kwa kila timu, bila kuhesabiwa katika mabadiliko ya kawaida, na wapinzani nao wanapewa nafasi moja. Akitoka hivyo harudi tena. Waandaaji wa mashindano yetu ya mitaa wanaweza kulikubali hili hata kesho. Halina gharama yoyote.

Beki wa Langoni:

Refa, umegusa penyewe. Na swali lako la idhini ndilo nililokuwa nikilitafutia jibu tangu Jumanne ile.

Kocha hafai kuamua. Nasema nikiwa kocha. Nilikuwa nataka kushinda mechi ya kirafiki isiyo na kombe wala pesa, na bado macho yangu yalikataa kuona. Mchezaji hafai, nimeshaeleza kwa nini. Mashabiki ndio kabisa. Kwa hiyo aamue mtu mwingine, atajwe kabla mpira haujaanza, mbele ya timu zote mbili na refa. Mtu mzima, asiwe kocha, asiwe na mwana katika timu ile. Akinyanyua mkono, mchezaji anatoka, na hakuna wa kumjadili. Kutoka huko ni kwa siku nzima. Hata dalili ziishe baada ya robo saa, harudi, maana nyingine huja baada ya saa kadhaa au kesho yake.

Mtu huyo tumpe maswali ya kuuliza. Madaktari wa michezo wana maswali yao matano yaliyozoeleka, nimeyaweka kwa maneno yetu: Leo tuko uwanja gani? Hiki ni kipindi cha kwanza au cha pili? Nani amefunga bao la mwisho? Mechi iliyopita tulicheza na nani? Tulishinda? Akikosea moja, ametoka. Lakini akijibu yote sawa, bado hajapewa ruhusa ya kurudi, kwa sababu akiwa ameonekana kulala chini bila kujitikisa, au kuyumba, au kutazama utupu, hayo peke yake yanatosha. Muda wa kumfanyia mtu hesabu na kumbishia hatuna.

Muuguzi, mtu huyo awe pia na namba za wazazi, na fedha kidogo za mashua. Nimeshalizungumza na makocha wawili, wamekubali.

Kipa Chipukizi:

Kocha, shikamoo. Mimi ni kipa nina miaka 16. Petr Čech alikuwa akivaa kofia. Nikinunua ile nitakuwa salama?

Beki wa Langoni:

Marahaba mwanangu. Čech alivunjika fuvu Oktoba 14, 2006, Chelsea wakicheza na Reading, goti la mchezaji lilimpata kichwani. Akafanyiwa upasuaji, akarudi Januari 2007 na kofia ile, akaivaa mpaka alipostaafu. Ililinda mfupa uliokuwa umevunjika. Kofia laini inaweza kuzuia kuchanika na michubuko, lakini haiwezi kuuzuia ubongo usitembee ndani ya fuvu, kama kuifunga nazi kitambaa hakuizuii mbata kugonga. Na aliyevaa huweza kujiona salama akaingia vibaya kuliko asiyevaa. Fedha zako zinunulie glavu.

Kinachokusaidia wewe ni kutoka kwa goti moja mbele unaporukia mpira, na kuita kwa sauti. "Yangu!" ya mapema imeokoa vichwa vingi. Imarisha shingo pia. Na kupasha mwili kwa utaratibu kuna faida iliyopimwa. Vijana wa raga katika shule za Uingereza waliofuata mazoezi maalumu ya kupasha mwili mara tatu kwa wiki walipata mitikisiko michache kuliko wenzao.

Kwa wadogo, mimi nimeamua. Uingereza waliwaondolea watoto wa shule za msingi mazoezi ya kupiga vichwa mwaka 2020. Watoto wangu wa chini ya miaka 12 hawatapiga vichwa mazoezini tena. Mpira wa mchangani una mengi ya kufundisha kwa miguu. Na malango ya kuhamahama yachimbiwe chini au yawekewe magunia ya mchanga, mtoto asining'inie akaangukiwa na mwamba.

Mpanda Punda:

Na sisi? Mashindano ya punda watu wanaanguka kila mwaka mbele ya ukuta wa bahari, na pale chini ni saruji na mawe. Hakuna anayevaa kitu kichwani. Na kirumbizi, mchezo wetu wa fimbo, fimbo ikiteleza?

Beki wa Langoni:

Kwa punda, helmeti naiunga mkono kwa nguvu zote, hata ile ya pikipiki ikikukaa vizuri. Nimemwambia kipa kofia laini haimfai, lakini helmeti ngumu ni kitu kingine. Kuanguka juu ya saruji huvunja fuvu na kumwaga damu ndani, na hilo helmeti hulipunguza sana. Mtikisiko wenyewe unaweza kutokea hata hivyo. Akianguka amekwisha mashindano, asimrukie punda tena amalize.

Kirumbizi sikijui kwa ndani, nawaachia wenyewe. Mwenye kupigwa na fimbo ya kichwa atoke duarani, ngoma iendelee na wengine.

Mama wa Shela:

Kaka, mpwa wako anaendeleaje? Na alirudije shuleni?

Beki wa Langoni:

Leo ni siku ya 26, dada, alhamdulillahi.

Daktari hakutaka afungiwe chumba cha giza kama tulivyodhani. Wataalamu wa michezo wa dunia walikutana Amsterdam mwaka 2022 wakaliweka wazi: mapumziko ya siku moja au mbili, kazi nyepesi za nyumbani zinaruhusiwa, simu na televisheni zipunguzwe siku hizo, kisha aanze kutembea. Sisi tulichelewa, kwa hiyo tulianzia pale tulipokuwa. Nilikuwa nikitembea naye baada ya alfajiri, kutoka mtaani kwetu Langoni kwenda Shela kando ya bahari, polepole. Kichwa kikianza kuuma kwa kuzidi tunasimama. Mara mbili tulirudia njiani.

Shule ilitangulia mpira. Nilikwenda mwenyewe kumweleza mwalimu, naye alipokea vizuri kuliko nilivyotarajia. Akamruhusu nusu siku, kisha siku nzima bila mitihani. Mkubwa hupona kwa kawaida ndani ya siku 10 hadi 14, mtoto na kijana huweza kuchukua wiki nne, na mwalimu akilijua hilo haoni uvivu tena.

Mpira una hatua sita, kila moja isipungue saa 24: shughuli za kawaida, kukimbia kwepesi, mazoezi ya peke yake bila hatari ya kugongwa, mazoezi na wenzake bila kugusana, mazoezi kamili kwa ruhusa ya daktari, halafu mechi. Dalili zikirudi, unarudi hatua moja nyuma. Uingereza, kwa michezo ya mitaani isiyo na daktari wa timu, wameweka kwamba asirudi mechini kabla ya siku 21, na angalau siku 14 awe hana dalili yoyote kabla ya mazoezi ya kugongana. Yeye dalili zilimwisha siku ya 15. Kwa hiyo mechi bado.

Jana alikuwa hatua ya nne. Tulikuwa tukifanya mazoezi ya kona, akanijia akaniomba apige kichwa kimoja tu, kimoja, wenzake wanamtazama. Nikampa mpira, nikamwambia leo kona zote anazipiga yeye, kwa mguu. Akaenda kwenye kibendera, akazipiga mpaka adhana ya magharibi.